Nguzo ya Nne

Jumatatu ile mganga wao alikufa, na Polycarp akakataa kula.

Mganga mwenyewe hakuwa mtu wa nyama na damu. Alikuwa mwanamke wa kwenye gemu, mrefu kama nusu ya kidole gumba kwenye kioo cha kompyuta, joho la kijani, fimbo mkononi. Lakini walikuwa wametembea naye miezi minne, kila siku saa ya chakula cha mchana, na mtu ukitembea naye miezi minne anakuwa wako.

"Rudisha nyuma," alisema Polycarp.

"Hairudi."

"Rudisha bana, Mwarabu. Kila gemu linarudi."

"Hili halirudi. Likishaandika limeandika. Kula chipsi zako."

Awadhi Mbarak alikuwa fundi kompyuta, miaka arobaini na nane, na fremu yake ilikuwa ghorofa ya kwanza katika jengo la ghorofa tano pale Mchafukoge. Shule aliiachia darasa la saba, siku baba yake alipougua na duka likakosa mtu wa kukaa. Kompyuta alijifunza kwa kuharibu za watu. Polycarp alikuwa Mmwera wa Ndanda, amemaliza kidato cha nne, anauza makava ya simu chini kabisa, kwenye stoo ya chini ya ardhi ambayo mwenye jengo aliigeuza maduka. Mmoja Mwislamu, mwingine Mkatoliki. Mmoja mwenye mjomba tajiri, mwingine mwenye shangazi wa kumtumia korosho. Kilichowakutanisha ni gemu.

Lilikuja ndani ya kompyuta kuukuu, kwenye shehena ya mitumba kutoka Dubai. Mafundi wengine wakipokea mashine hizo wanafuta kila kitu bila kuangalia. Awadhi aliangalia kwanza, kwa umbea tu, na safari hiyo akakuta kitu ambacho hajawahi kukiona. Hapakuwa na filamu mwanzoni wala muziki wa kishindo. Palikuwa na mji wa mawe unaoutazama kutoka juu kwa mshazari, kama mtu aliyesimama kwenye roshani anachungulia uani kwa jirani. Watu wako sita wanatembea humo. Wakiingia kwenye nyumba, paa linaondoka lenyewe, unaona vyumba vyote kwa pamoja: vitanda, masufuria, nani amekaa na nani, na nani amejificha nyuma ya mlango. Awadhi alikaa pale pale hadi adhana ya alasiri ikamkuta.

Ndani ya gemu hakuna aliyesema kwa sauti. Maneno yote yaliandikwa, kurasa kwa kurasa za Kiingereza, na Polycarp ndiye aliyemsomea na kumfasiria. Kila ukiulizwa jambo unapewa majibu manne au matano, unachagua moja, na yule uliyemjibu hasahau. Muuza mkate waliyemdharau sura ya kwanza aliwafungia mlango sura ya tatu, mvua inanyesha, na majeruhi wanaye.

Lakini kilichowashika hasa ni kwamba gemu lile halikujulikana. Hayo makubwa, yenye sifa, ukikwama unaingia mtandaoni na kijana fulani wa Ulaya anakuonyesha ufunguo uko chini ya kitanda gani. Hili walilitafuta wiki nzima. Walipata mtu mmoja tu, ameandika mistari kumi na moja miaka kumi na tano iliyopita, kwamba amekwama kisimani na anaacha. Siku walipokivuka kile kisima Polycarp alisukuma kiti nyuma.

"Mwarabu," alisema, "kuanzia hapa ni sisi tu. Hakuna mtu wa kumuuliza."

Kwa hiyo ilibidi watazame. Awadhi alinunua daftari la hesabu, lile la mraba, akawa anachora ramani: mraba mmoja hatua moja, ukuta mstari mzito, nguzo duara. Hakuna raha aliyoijua kama ile. Mtu ambaye hakumaliza hata kitabu kimoja cha shule alikuwa na madaftari matatu yaliyojaa, na kila mstari ni wa kwake, hakunakili popote.

Mganga alifia kwenye pango la wachimba chumvi. Waliingia mbio, wanakimbiza kisanduku walichokiona upande wa pili, na paa likashuka. Polycarp alipoondoka bila kula, Awadhi alifungua daftari akaangalia alichokuwa amekichora nusu saa kabla. Maduara matano. Duara la nne alikuwa amelipiga mstari katikati. Ufa. Mkono wake uliuona, ukauchora, na kichwa hakikushughulika.

Tangu hapo akaanza kutazama nguzo.

Jumanne Polycarp alimwita chini amfungie kamera. Huko chini palikuwa na joto na vumbi, maana mwisho wa korido walikuwa bado wanachimba ili zipatikane fremu nyingine sita. Kila alfajiri vijana walitoa mchanga kwa viroba kupitia mlango wa nyuma. Wapangaji waliona ni jambo la kawaida. Jengo gani la mtaa ule halichimbwi? Awadhi alimaliza kamera, akapanda ngazi hadi korido ya ghorofa yake, na kwa mazoea tu akahesabu hatua. Kutoka ngazi mpaka nguzo ya kwanza, sita. Ya pili, kumi na mbili. Ya tatu, kumi na nane. Ya nne, ishirini na nne. Ya tano, thelathini.

Akarudi chini, akahesabu tena. Sita, kumi na mbili, kumi na nane. Kwenye ishirini na nne alijikuta amesimama katikati ya uwazi, mbele ya fremu mpya yenye mlango mpana. Juu ya kichwa chake palipitishwa chuma kirefu, kimepakwa rangi nyeupe kifanane na dari, na ukutani kando yake palikuwa na ufa.

Alichora sakafu mbili kwenye kurasa mbili, akazishika pamoja dirishani kwenye jua. Juu maduara matano. Chini manne. Juu ya nguzo ile iliyokosekana zilikaa ghorofa tano za watu, majora ya vitambaa, maboksi ya vyombo na tangi la maji. Akakumbuka mambo ambayo kila mtu alikuwa ameyasema na hakuna aliyeyaunganisha: vigae vya ghorofa ya pili vinabenuka vyenyewe, mlango wa choo unagoma kufunga, na Evelyn, muuza mabegi ya shule wa pale chini barabarani, analalamika kila jioni kwamba mlango wake wa kukunja hauteremki mpaka umwite mwanamume auning'inie.

Polycarp alikuwa amekaa hatua tano kutoka kwenye ile nguzo isiyokuwepo, kutwa nzima, siku sita kwa wiki.

Hapo Awadhi alifanya kosa lake. Alifanya kama alivyolelewa. Jengo lilikuwa la Abdulhadi, mjomba wake, kaka wa mama yake, na kwao jambo la nyumbani linapelekwa kwanza kwa mkubwa. Jioni hiyo baada ya magharibi alimkuta mjomba barazani kwake, na kahawa, na tende.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kaa. Mama hajambo?"

Awadhi alisema yote. Akaonyesha zile karatasi. Mzee Abdulhadi alizishika mbali na macho, akazigeuza, akazirudisha.

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu. Nimekuja kwako kwanza."

"Umefanya vizuri," alisema mjomba, akammiminia kahawa. "Umefanya vizuri sana."

Jumatano asubuhi walikuja mafundi wawili. Wakaziba ule ufa wa kando ya chuma kule chini, wakapiga plasta, wakapaka rangi ya maziwa kuanzia juu hadi chini. Muhiddin, mtoto wa mjomba na msimamizi wa jengo, alisimama mlangoni akitafuna kijiti.

"Umeona, kaka Awadhi? Baba anasikiliza watu."

"Na nguzo?"

"Nguzo gani? Kuna chuma pale, tani na tani. Injinia kapitisha."

"Injinia gani?"

Muhiddin alicheka. "Wewe tengeneza kompyuta."

Kabla ya siku ile ukuta wenyewe ulikuwa unasema. Mtu yeyote mwenye macho angeweza kuuona ule ufa akauliza. Sasa ulikuwa mweupe na laini kama ukuta wa harusi, na aliyeuziba ni yeye Awadhi, kwa heshima zake.

Alhamisi aliwaambia wapangaji. Alianza na Evelyn, mwanamke wa Masasi mwenye mwili na sauti ya kutosha, aliyesomesha watoto watatu kwa mabegi yale.

"Nihame?" alisema Evelyn.

"Uhame, dada. Hata leo."

Evelyn alimwangalia kuanzia viatu mpaka kofia. "Mjomba wako ndiye amekutuma."

"Hajanituma. Angejua angenifukuza."

"Awadhi, mimi nimekaa mjini hapa miaka ishirini na mbili. Jengo la kule mtaa wa pili walifanya hivi hivi. Akapita mtu wa mwenye nyumba, jamani jengo bovu, jamani mtakufa. Wakatoka. Mwezi ule ule wakapangishwa wengine kwa bei mara tatu. Kamwambie mjomba wako Evelyn hatoki."

Wengine walijibu hivyo hivyo, wengine kwa maneno makali zaidi. Ujanja ule ulikuwepo kweli, na jina lake Awadhi lilikuwa na harufu ya mwenye nyumba. Kwa ndugu zake angeonekana msaliti akisema, na kwa wapangaji alionekana ametumwa. Polycarp ndiye aliyemuuma zaidi.

"Gemu limekupanda kichwani, Mwarabu," alisema, akining'iniza makava. "Mganga kafa Jumatatu, leo unaona mapango kila mahali. Kesho utaniambia kuna joka chooni."

"Njoo uhesabu mwenyewe."

"Nina wateja. Ukinihesabia wateja nitakuja."

Ijumaa aliwapigia simu watu wanaokagua majengo. Dada aliyepokea alikuwa mpole, akaandika mtaa, akaandika jina, akasema wangekuja Jumatatu.

Jumatatu. Na katikati kulikuwa na Jumamosi, siku ambayo mtaa ule hauna pa kuweka mguu. Tena shule zilikuwa zinafunguliwa wiki inayofuata, na mabegi ya Evelyn yalikuwa yamefika hadi kwenye lami.

Jumamosi saa tano Awadhi alipotaka kufungua droo yake, haikufunguka. Aliivuta kwa nguvu, akaangalia chini. Meza ilikuwa imeinama, kidogo tu. Aliweka betri ndogo ya duara juu ya meza. Ikabingirika yenyewe, polepole, ikaelekea upande wa nguzo ya nne, ikaanguka.

Hakuwaza sana. Alishuka hadi kwenye swichi kuu chini ya ngazi, akaikata, akatia kufuli lake kwenye kisanduku na ufunguo akauweka mfukoni. Alijua watu wake. Umeme ukikatika hakuna anayebaki ndani, joto linawatoa. Na kweli, feni zilisimama, giza likajaa korido ya chini, na watu wakaanza kutoka wakilaani shirika la umeme, wakijipepea kwa vifuniko vya maboksi. Wakajaa kibarazani.

Lakini hawakutoka wote. Wenye tochi za simu walibaki wanauza kwa tochi. Polycarp alikuwa mmoja wao.

Awadhi alishuka. Bila feni, bila redio, bila kelele ya mashine za kuchimba, kule chini palikuwa kimya kwa mara ya kwanza tangu aingie kwenye jengo lile.

"Mwarabu, umeme vipi?" aliuliza Polycarp.

"Nimeukata mimi."

"Umekata... We mzima kweli?"

"Nyamaza."

"Ninyamaze nini, mchana wangu unaharibika..."

"Polycarp. Nyamaza usikilize."

Pengine ni ile sauti, sauti ya kwenye mchezo, anapotaka wasikimbilie mlango kabla ya kuutazama. Polycarp alinyamaza. Wakasikia. Juu ya vichwa vyao kitu kilikuwa kinapasuka, taratibu, kama mtu anayemenya karanga kavu moja moja. Tak. Kimya. Tak, tak. Awadhi aliinua tochi. Kile chuma cheupe kilikuwa kimepinda katikati, na plasta ya Jumatano kando yake ilikuwa imefunguka ufa unaoingia kidole.

Polycarp aliutazama muda mrefu. Kisha akahesabu kwa kidole, midomo ikitembea: moja, mbili, tatu. Kidole kikabaki hewani.

"Mama yangu," alisema.

Wakati huo huo huko juu kulisikika nyundo. Muhiddin alikuwa amefika. Kufuli lilipigwa mara tatu, likavunjika, na taa zote zikawaka. Watu kibarazani wakapiga makofi. Wakaanza kurudi ndani, wanasukumana, wateja wengi kuliko mwanzo.

"Waambie," alisema Awadhi. "Mimi hawanisikilizi."

"Na mimi hawatanisikiliza," alisema Polycarp. Alikuwa tayari ameshika kiroba, anakusanya makava yote aliyoweza, kwa mikono miwili, anayatupa humo bila kupanga. "Mtu wa mjini umwambie kifo kinakuja, atakuuliza kinakuja saa ngapi. Mwambie kitu anachokijua. Beba hilo boksi."

Walivuka barabara. Polycarp alitandika turubai mbele ya ukuta wa upande wa pili, akamwaga mali yake yote chini kama takataka, akapanda juu ya kreti la soda.

"Kava mia! Kava mia mbili! Leo nimechanganyikiwa! Mke kanikimbia, nauza nirudi Ndanda! Chaja mia tano, earphone mia tano, beba, beba, usiulize!"

Kwa muda mtaa ulisita. Kisha msichana mmoja akachukua kava, akalipa mia, akaondoka nalo kweli. Hapo watu wakamiminika. Waliotoka kwenye jengo waliwaita waliokuwa ndani. Simu zikapigwa hadi ghorofa ya nne. Na wenye maduka, walipoona wateja wao wanavuka barabara, hawakuweza kukaa. Hakuna mfanyabiashara wa mtaa ule anayemwacha mteja aondoke akamtazama mgongo. Wakatoka na mabegi mikononi, na vyombo, na vitambaa mabegani, wakavuka nao, wakaanza kushusha bei wakitukanana.

"We Polycarp, unatuharibia soko!" alipiga kelele Evelyn, mabegi manne kila mkono. "Begi elfu tano! Lile lile la elfu kumi na tano, mama, njoo!"

Polycarp jasho lilikuwa linamtiririka usoni. Mali ya mwaka mzima ilikuwa inaishia miguuni mwake na hakuwa hata anaangalia noti alizopewa. Alikuwa anaangalia mlango wa jengo, nani ametoka.

Awadhi alirudi hadi mlangoni. Ngazi zilikuwa tupu. Aliita ghorofa kwa ghorofa, na kule chini kwa wachimbaji, hadi akarudishiwa mwangwi. Mtu mmoja tu alibaki, amesimama mbele ya swichi kuu, nyundo mkononi.

"Toka, Muhiddin."

"Nitoke ili uikate tena?"

"Toka tu. Nitakueleza nje."

"Utamweleza baba. Umetuuza, kaka Awadhi. Baba alikupa fremu, alimzika baba yako, na wewe umetuuza kwa Wamwera wako."

Vumbi jeupe lilikuwa linamdondokea begani, laini kama unga. Muhiddin alilipangusa bila kutazama juu. Likadondoka tena.

Awadhi alimkamata ukosi. Hakuwa amepigana tangu utotoni, na huyu alikuwa mdogo wake kwa miaka kumi na tano, mwenye afya. Nyundo ilianguka. Muhiddin alimpiga ngumi ya mdomo, na ya pili, lakini Awadhi hakuachia. Alirudi kinyumenyume, anamvuta kama mtu anavyovuta jokofu, kizingiti kikapita, kibaraza kikapita, wote wawili wakadondoka kwenye lami kati ya miguu ya watu. Muhiddin akamkalia kifuani.

Watu walifanya duara. Simu zikainuliwa.

"Waarabu wanagawana urithi!" alipaza sauti mmoja, na mtaa mzima ukaangua kicheko. Hata Evelyn alicheka, mabegi yamemning'inia, hadi akashika kiuno.

Polycarp peke yake hakucheka. Alikuwa bado juu ya kreti, mdomo wazi, ameacha kunadi, anatazama juu ya vichwa vyao. Na Awadhi, akiwa chini, na damu mdomoni na binamu yake kifuani, aliuona uso wa rafiki yake unabadilika kabla sauti ya jengo linaloshuka haijafika.